Utunzaji wa Vibadilisha Joto vya Hewa Viwandani

Kibadilisha joto cha hewa ni mtambo unaopoza kimiminika, gesi au mvuke kwa kuupitisha ndani ya mirija huku feni zikivuta au kusukuma hewa nje yake. Kanuni yake ni ile ya rejeta ya gari. Hutumika kwenye viwanda vya kusafisha mafuta, mitambo ya gesi asilia na vituo vya umeme, hasa pale maji yanapokuwa haba. Katika kituo cha jotoardhi cha Olkaria III nchini Kenya, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 2000, mvuke wa pentani uliokwisha kuzungusha tabaini hugeuzwa tena kuwa kimiminika kwa njia hii.

Kiini cha tatizo

Hewa hupokea joto kwa shida kuliko maji. Kwa hiyo mirija huvikwa mapezi ya alumini ili kuongeza eneo la kugusana na hewa. Mara nyingi kila inchi ya mrija huwa na mapezi 10 au 11. Nafasi kati ya pezi na pezi haifiki milimita 3, hivyo vumbi, wadudu, nyuzi za mimea na grisi hunasa kwa urahisi. Ukaguzi basi huanzia upande wa hewa, kabla ya kufikiria kufungua mirija. Nyanda za juu huongeza uzito wa jambo hili: kwenye mwinuko wa mita 2,000, hewa huwa nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, na feni hulazimika kusukuma ujazo mkubwa zaidi.

Mapezi

Vumbi kavu hupulizwa kwa upepo wa kompresa, kwa kawaida kinyume na mwelekeo wa hewa ya feni, ili lisisukumwe ndani zaidi. Uchafu wenye mafuta huoshwa kwa maji na sabuni isiyoshambulia alumini. Magadi makali huila. Maji yaelekezwe wima kwenye uso wa mirija, kwa sababu yakipigwa kwa pembe na kwa presha kubwa hulaza mapezi. Maji ya chumvi hayafai.

Feni

Mikanda iliyolegea huteleza na kupunguza mzunguko. Iliyokazwa kupita kiasi huua beringi. Puli zinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja, na pembe za mapanga zilingane, la sivyo feni hutikisika. Nafasi kati ya ncha za mapanga na pete ya feni ikiwa kubwa, hewa hurudi nyuma. Mianya kandokando ya fremu nayo huzibwa, maana hewa hufuata njia nyepesi na kuikwepa mirija.

Mirija

Utando na kutu ndani ya mirija huondolewa kwa brashi au maji ya presha kubwa, baada ya kufungua plagi au kifuniko cha kichwa cha mirija. Mrija unaovuja huzibwa ncha zote mbili. Gasketi za plagi hubadilishwa, kisha mtambo hupimwa kwa presha kabla ya kurudishwa kazini.

Usalama

Kuzima mota hakutoshi. Umeme hukatwa na swichi kufungwa kwa kufuli, na mapanga hufungwa yasizungushwe na upepo. Presha hutolewa yote kabla ya kugusa plagi; pentani huchemka kwenye nyuzi 36 za Selsiasi na huwaka kwa urahisi.

Kumbukumbu

Kipimo chenye manufaa ni tofauti kati ya joto la kimiminika kinachotoka na joto la hewa inayoingia, mzigo ukiwa uleule. Joto la kimiminika peke yake hupotosha, kwani hupanda siku ya jua kali bila hitilafu yoyote. Tofauti hiyo ikikua na mtiririko wa hewa umepungua, mapezi au feni ndizo za kushughulikiwa. Ikikua ilhali hewa inapita vizuri na mapezi ni safi, ndipo mirija hufunguliwa.