Bonde la Kerio: Neema iliyo chini ya magenge

BONDE la Kerio limo katika eneo la Bonde la Ufa nchini Kenya, kati ya magenge ya Elgeyo upande wa magharibi na milima ya Tugen upande wa mashariki. Msafiri anayeteremka kutoka mji wa Iten huiacha baridi ya nyanda za juu na, baada ya kona nyingi, hujikuta katika joto la migunga, zaidi ya mita 1,000 chini. Mto Kerio hupita katikati ya bonde ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana.

Mvua ya bondeni ni haba. Udongo wake, japo una rutuba, ungekaa mkavu sehemu kubwa ya mwaka lau si maji yanayoshuka kutoka misitu ya milima ya Cherangany. Kwa karne kadhaa, jamii ya Wamarakwet imeyaelekeza maji hayo mashambani kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe, magogo na matawi. Mingine imepitishwa kwenye kuta za majabali ambako hata mbuzi hupata taabu kusimama. Mtama, wimbi, mahindi, ndizi na maembe hustawi kwa maji hayo.

Mifereji hiyo ina sheria zake. Kila ukoo una haki yake ya maji, nayo hugawanywa kwa zamu. Mila iliwakabidhi wanaume kazi ya kuijenga na kuikarabati, na wazee hukutana barazani kuamua migogoro. Mwizi wa maji hutozwa faini.

Zamani, wengi walijenga nyumba kwenye mteremko, si bondeni. Huko juu walijiepusha na malaria na kuwaona mapema wavamizi waliokuja kuiba mifugo. Hofu hiyo haijawa hadithi ya kale. Mnamo Machi 2001, zaidi ya watu 50 waliuawa katika shambulio la Murkutwo, na uhasama wa wizi wa mifugo umeendelea kuwafukuza wakulima mashambani na watoto shuleni.

Mlima wenyewe nao una hatari zake. Aprili 2020 maporomoko ya ardhi yaliikumba Chesegon, na Novemba 2025 yakaua zaidi ya watu 20 katika eneo la Chesongoch. Mvua kubwa ikinyesha juu ya miteremko mikali, udongo hulegea; na pale miti ilipofyekwa, mizizi ya kuushikilia huwa haipo tena.

Hivyo, hatima ya bonde huamuliwa mlimani. Msitu ukihifadhiwa, maji huteremka kwa utaratibu na mifereji hufanya kazi yake. Ukiangamizwa, maji yale yale yaliyolisha vizazi huja na matope na mawe. Mkulima wa bondeni anaweza kuzibua mfereji wake kila msimu, lakini chemchemi ya mfereji huo haimo shambani mwake.