Mipangilio ya Seva: Cha Wote na Cha Mmoja

Leo turudi nyuma kidogo kwenye historia.

Tarehe 12 Juni 2009 mkongo wa baharini wa TEAMS, kutoka Fujairah, ulitua Mombasa. Mwezi uliofuata SEACOM nao ukaanza kazi. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya nje, ghali na ya kusuasua. Mikongo ilipofika, kuweka seva hapa nyumbani kukawa na maana zaidi. Lakini ukitoka seva moja ukafika kumi, swali linabisha hodi: mpangilio wa kila seva uandikwe wapi?

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1993 Mark Burgess, wakati huo mtafiti wa fizikia Chuo Kikuu cha Oslo, alichoshwa na skripti zilizojaa "kama ni kompyuta hii fanya hivi, kama ni ile fanya vile". Akaandika CFEngine. Kompyuta yenyewe inajitambua iko kundi gani, kisha inafuata maagizo ya kundi lake.

Mwaka 2005 Luke Kanies akatoa Puppet. Ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa rahisi kuchanganya mambo mawili katika faili moja: namna ya kufanya kazi, na anwani au nywila za seva fulani. Faili zikavimba.

Dawa ya R.I. Pienaar ilikuwa Hiera, mwaka 2011. Mwaka uliofuata ikaingizwa ndani ya Puppet 3. Mipangilio inapangwa kwa tabaka: chini kabisa ya wote, juu yake ya mji, juu kabisa ya seva moja. Mbili zikipingana, iliyo karibu zaidi na seva ndiyo inayoshinda. Ansible ya Michael DeHaan, iliyotoka 2012, nayo ina folda ya makundi na folda ya seva mojamoja.

Je, haya yana faida gani kwetu? Februari 2012 meli ilitia nanga karibu na bandari ya Mombasa, nanga ikaukata mkongo wa TEAMS. Sasa tuseme una seva kumi Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi bandarini, na kumi Nairobi. Zote zinachukua programu kutoka ghala lililo Ulaya, na njia ya Mombasa imeziba. Kama anwani ya ghala imeandikwa ndani ya kila seva, utahariri mara kumi, na hutakosa moja ya kusahau. Kama iko tabaka la Mombasa, unabadilisha mstari mmoja, unaelekeza ghala la humu nchini, na Nairobi haiguswi.

Tahadhari moja. Mimi niliwahi kutaka nakala za akiba zifanywe saa nane usiku, nikaandika 8 badala ya 2, tena tabaka la wote. Kulipokucha, saa mbili asubuhi, wateja wakiwa mlangoni, seva zote zikaanza kunakili kwa pamoja! Mstari mmoja unaookoa seva kumi unaweza pia kuzilaza kumi.

Kwa hiyo kabla hujaandika mpangilio, jiulize: huu ni wa wote, wa mji, au wa seva hii peke yake? Ukishajibu, umeshajua pa kuuweka.

Haya, tuonane tena.