Lancaster ya safari 137

Katikati ya mwaka 1942, Kikosi cha 83 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilipokea ndege mpya ya mabomu aina ya Lancaster katika kambi ya Scampton. Namba yake ilikuwa R5868 na ikapewa herufi Q. Mwaka uliofuata ilihamia kwa Waaustralia wa Kikosi cha 467, ikabadilishiwa herufi kuwa S, na tangu hapo inajulikana kama Sugar.

Lancaster ilitokana na Manchester, ndege ya injini mbili zilizowasumbua sana marubani. Roy Chadwick, msanifu wa kampuni ya Avro, alirefusha mabawa na kufunga injini nne za Merlin. Ya kwanza iliruka tarehe 9 Januari 1941, na hadi uzalishaji unakoma zilikuwa zimeundwa 7,377. Nguvu yake ilikuwa tumboni: chumba cha mabomu cha mita 10 hivi, kisichokatwa na kizuizi chochote.

Binadamu walibanwa kwenye nafasi iliyobaki. Walikuwa saba, na aliyeteseka kuliko wote ni mpiga bunduki wa mkiani. Alikaa peke yake, amewapa mgongo wenzake, saa sita au saba katika baridi ya kugandisha. Kibanda chake kilikuwa finyu mno hata mwavuli wake haukuingia. Uliwekwa nje, nyuma ya milango midogo. Ndege ikishika moto, ilimbidi kwanza aifungue milango hiyo na kuufikia. Kati ya vijana 125,000 hivi waliorushwa na kamandi ya mabomu ya Uingereza, 55,573 hawakurudi.

Sugar ilirudi kila mara, japo mwishoni mwa Novemba 1943 ilikaribia kuangamia. Juu ya Berlin, ikikwepa taa za kumulika, iligongana na Lancaster nyingine na kupoteza ncha ya bawa. Rubani aliishikilia hadi Uingereza, ikaenda kutengenezwa. Mei 1944 ilisherehekewa kwa kutimiza safari ya 100.

Mafundi walichora bomu dogo ubavuni, chini ya dirisha la rubani, kwa kila safari. Waliandika pia majigambo ya Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Ujerumani. Alama zilifika 137. Nawaheshimu mafundi hao waliofanya kazi uwanjani mvua ikiwanyeshea, lakini siwezi kuzitazama safu hizo kama matokeo ya mchezo. Ndege za aina hii ndizo zilizokuwa kiini cha mashambulizi ya Hamburg ya Julai 1943, moto ulipoungana mtaa kwa mtaa na kuua zaidi ya watu 30,000, wakiwemo wanawake na watoto waliokosa hewa mahandakini. Alama moja ubavuni haisemi ni mji gani, wala nani alikuwa chini.

Vita vilipokwisha Ulaya, chumba kile cha mabomu kilibaki kitupu. Lancaster zilibeba wafungwa wa kivita kuwarudisha kwao Uingereza, wakiwa wamekaa sakafuni bila viti. Sugar nayo ilifanya kazi hiyo. Baadaye iliwekwa langoni Scampton kwa miaka kadhaa, ikipigwa na jua na mvua, kisha mwaka 1972 ikahamishiwa jumba la makumbusho la Jeshi la Anga la Uingereza huko Hendon, London.