Wageni wa Pwani kwa Rumanyika

Mgeni ashukaye bandarini Unguja huwa keshaandikiwa atakayoyaona: Forodhani jioni, kobe wa Changuu, mashamba ya karafuu, na bahari mpaka achoke. Sisi wenyeji tumezoea kutazamwa, hata tukasahau kwamba zilikuwapo zama ambazo watu wa visiwa hivi ndio waliokuwa wageni, mbali kabisa na maji ya chumvi. Basi msomaji anifuate mpaka Karagwe, magharibi ya Ziwa Nyanza, katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa.

Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikafika Kaze, penye Tabora ya leo, kisha ikageuka kaskazini. Aliyeishika hakwenda kutembea. Alichukua nguo na shanga, akarudi na pembe za ndovu, na mara nyingi na watu. Huko Karagwe wafanyabiashara walijijengea kituo mahali paitwapo Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya Mukama. Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro Mwarabu Hamed bin Ibrahim, aliyekwisha kukaa nchini miaka mingi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la wageni hawa lilikuwa mizani ya pembe.

Kabla yake, mnamo Novemba 1861, walifika Speke na Grant, na pamoja nao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akavushwa bahari mpaka Bara Hindi, kisha akarejea Unguja. Walipoingia kwa Mukama Rumanyika, Speke aliandika jambo ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko milima na maziwa yote aliyoyachora: kwamba salamu za kwanza za mfalme yule zilitolewa kwa Kiswahili kizuri.

Tulitafakari hilo. Mfalme wa ukoo wa Wahinda, ambaye watu wake walinena Kinyambo, akiwa amezungukwa na ng'ombe wa pembe ndefu na migomba, alimkaribisha Mwingereza kwa lugha yetu. Ilikuwa miaka zaidi ya 20 kabla ya kamusi ya Krapf kuchapwa mwaka 1882, na kabla ya Mjerumani kuweka afisa wala mwalimu huko. Alijifunza kwa kusikiliza, kama nilivyojifunza mimi mengi ya haya niyaandikayo. Na sisi wa pwani tuliokuwa tukiwaita watu wa bara washenzi, tungesema nini mbele ya salamu ile?

Lakini tusijivune upesi. Lugha ile ilipanda bara kwa njia ile ile iliyoteremshia minyororo. Musa Mzuri, tajiri wa Kaze, alimsaidia Rumanyika katika ugomvi wake na nduguye Rogero juu ya kiti cha baba yao Ndagara. Urafiki wa biashara ukawa mkono ndani ya nyumba ya watu. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Anayesifu kuenea kwa Kiswahili bila ya kumtaja Bombay na wenziwe amesoma nusu ya ukurasa.

Leo yapo ya kutazama huko. Ipo Bweranyange, ambako Stanley alioneshwa hazina ya mfalme, yenye ng'ombe na ndege waliofuliwa kwa madini. Zipo chemchemi za moto za Mtagata, Kyerwa, ambazo Stanley alizikuta zikiendewa na wagonjwa. Zipo hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizofanywa Hifadhi za Taifa mwaka 2019. Lipo na ziwa ambalo Speke aliliita Windermere Ndogo, kwa kukumbuka kwao, ijapokuwa lilikuwa na jina lake, Rwakajunju.

Nilipofika Karagwe, mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kununua kahawa. Swali lilikuwa la haki: mtu wa pwani hajawahi kupanda huko ila kwa kununua. Nilimwambia nimekuja kuamkia tu. Alinitazama kitambo, akanivutia kigoda. Salamu ya mwaka 1861 aliipokea Mwingereza, akaiandika. Sisi, wenye lugha, bado hatujaiitikia.