Rangi ya anga

Anga la mchana lisilo na mawingu huonekana samawati kwa sababu hewa huitawanya nuru ya buluu ya jua zaidi kuliko nuru nyekundu. Neno samawati lina asili ya Kiarabu, samaa, yaani mbingu. Kusema anga ni la samawati ni kama kusema anga lina rangi ya anga.

Wapo wanaoamini kwamba mbingu huazima rangi yake baharini. Lakini Dodoma iko mbali na pwani, na mbingu yake ya kiangazi ni buluu vilevile.

Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, kila moja na urefu wake wa wimbi: nyekundu nanomita 700 hivi, buluu 450. Molekuli za hewa, ndogo mno kuliko mawimbi hayo, huirusha nuru pande zote, na wimbi fupi ndilo hurushwa zaidi. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kanuni yake mwaka 1871: urefu wa wimbi ukizidi mara mbili, mtawanyiko hupungua mara 16. Hivyo buluu hutawanywa karibu mara sita ya nyekundu. Kabla yake mwanafizikia John Tyndall alidhani kazi hiyo hufanywa na chembechembe zinazoelea hewani. Mwaka 1899 Rayleigh alionyesha kuwa molekuli peke yake zinatosha.

Urujuani una wimbi fupi zaidi, lakini jua hutoa kidogo, na jicho la binadamu huuona kwa shida; ndiyo maana anga halionekani la urujuani.

Dondoshea matone machache ya maziwa kwenye glasi ya maji, gizani, kisha umulike kwa tochi yenye mwanga mweupe. Ukitazama kutoka ubavuni, maji yana ubuluu hafifu. Ukiitazama tochi kupitia maji hayo, imegeuka manjano, na ukiongeza tone moja moja huelekea rangi ya chungwa. Ndivyo machweo yalivyo: jua likiwa kwenye upeo wa macho, nuru yake hupita katika hewa nyingi, takriban mara 38 ya ile ya jua la utosini, na buluu huishia njiani.

Mwezini hakuna hewa ya kutawanya nuru, na anga ni jeusi hata jua likiwaka. Mirihi ina vumbi laini: mchana mbingu ni ya hudhurungi iliyopauka, na jua linapotua huzungukwa na buluu.