Littlefoot na wenzake: filamu ya watoto inayowagusa waliohama

Jumamosi jioni watoto wengi wa mtaa wetu walijazana mbele ya televisheni moja ndogo. Ilikuwa filamu ya katuni, watoto watano wa dinosaria wakitangatanga porini. Mama mmoja aliyekimbia kijiji chake alisimama mlangoni akaitazama hadi mwisho, kisha akaniuliza: « Kaka, aliyetunga hii naye alikimbia vita? » Ndugu wasikilizaji, jibu linahitaji historia kidogo.

Filamu ya kwanza, The Land Before Time, ilitoka Marekani Novemba 1988. Wanaofuata filamu za Kifaransa wanamjua shujaa wake kwa jina la Petit-Pied. Iliongozwa na Don Bluth, mchoraji aliyeacha kampuni ya Disney mwaka 1979 pamoja na wenzake, na studio yake ilikuwa imehamia Dublin, Ireland. Steven Spielberg na George Lucas walikuwa miongoni mwa waliosimamia utayarishaji.

Hadithi yenyewe ni ya uhamaji. Majani yamekauka, ardhi inatetemeka, na kila jamii inatafuta Bonde Kuu lenye chakula. Littlefoot anafiwa na mama yake njiani. Anaendelea na watoto wa jamii nyingine, ingawa wakubwa wamezoea kusema kila aina ikae na ya kwao.

Miaka sita baadaye, Desemba 1994, ikatoka sehemu ya pili, The Great Valley Adventure. Bluth hakuhusika tena. Iliongozwa na Roy Allen Smith. Haikupitia kwenye majumba ya sinema, bali iliuzwa moja kwa moja katika kaseti za video. Nyimbo ziliongezwa, na hofu ikapunguzwa. Njia hiyo ya kaseti ilizaa matunda: kufikia mwaka 2016 filamu zilikuwa zimefika 14.

Wengine huidharau sehemu hiyo ya pili kwa kuwa ni nyepesi. Mimi naona inauliza swali ambalo ya kwanza haikuuliza: mkishafika mahali pa usalama, mtaishije?

Watoto wanawafukuza wezi wa mayai, na katika purukushani hiyo ukuta wa bonde unatoboka. Wanaokota yai wakidhani ni la jamaa zao. Linapopasuka, anatoka Chomper, mtoto wa Meno Makali, yaani wa jamii ile ile iliyomuua mama wa Littlefoot. Littlefoot anaamua kumlea. Kisha Meno Makali wawili wakubwa wanapenya bondeni, na kila mtu anaogopa. Mwishowe inajulikana kuwa ni wazazi, wanamtafuta mtoto wao.

Mwaka huo huo wa 1994, mwezi wa Julai, Goma ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Watengenezaji hawakuwa wakituzungumzia sisi. Lakini anayeishi huku hawezi kuitazama bila kukumbuka.

Hapa wazazi tuwe waangalifu. Katika filamu Meno Makali huzaliwa na meno yake. Binadamu si hivyo. Hakuna mtoto wa Kivu, wala wa Ituri, wala wa nchi jirani, anayezaliwa adui. Mtoto wako akimwita mwenzake Meno Makali kwa sababu ya kabila lake, usicheke. Mkalishe, umkumbushe kwamba Littlefoot, aliyekuwa na haki zote za kuchukia, aliamua kumlea mgeni.

Nilimjibu yule mama kwamba sijui kama mtungaji aliwahi kukimbia vita. Akatikisa kichwa: « Basi alisikiliza waliokimbia. » Halafu akawaita wanawe. Walitoka watatu, na wa nne, wa jirani asiyesema lugha yao, akawafuata kwenda kula.