Sakafu ya Juu: Habari za Mapaa ya Chokaa Katika Miji ya Pwani

Neno sakafu limetujia kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni kifuniko cha nyumba, yaani paa. Kwetu sisi neno lilelile latajwa zaidi kwa mahali pa kukanyaga. Frederick Johnson, katika kamusi iliyotolewa mwaka 1939, alilieleza kwa maana zote mbili, ya chini na ya juu, ilimradi kitu chenyewe kimefanywa kwa chokaa na kokoto na kupigiliwa mpaka kikawa kigumu. Msomaji asidhani kwamba wazee wetu walilikosea neno. Katika nyumba ya mawe ya pwani kifuniko cha chumba cha chini ndicho sakafu ya ghorofa, na kifuniko cha ghorofa ndicho uwanja wa kuanikia nguo, wa kulala wakati wa joto na wa kutazama vyombo vikiingia bandarini. Jinsi watu wa pwani walivyochagua kitu cha kulifunika paa la namna hii, na kwa nini uchaguzi wao ulibadilika, ndiyo habari ya insha hii.

Nyumba hizi hazikuwa za watu wote. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba nyumba za mji ule zilikuwa za miti. Na kwa karne nyingi baadaye walio wengi walikaa chini ya makuti. Jiwe lilikuwa la msikiti, la mtawala na la mfanyabiashara mwenye uwezo. Uchimbaji wa James Kirkman huko Gedi, ulioanza mwaka 1948, na ule wa Neville Chittick huko Kilwa, ulioanza mwaka 1958, ulifunua vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Wembamba ule haukuwa wa kupenda. Boriti ya mkoko, ikibebeshwa uzito wa mawe na chokaa, haivuki nafasi kubwa kupita mita 3 hivi. Kwa hiyo mti ndio uliompimia tajiri upana wa chumba chake. Hata hivyo paa lenyewe halikuwa dhaifu. Wareno walipoushambulia mji wa Mombasa mwaka 1505, walirushiwa mawe kutoka juu ya nyumba katika njia zake nyembamba.

Kazi ya kuifanya sakafu ya juu ilianza mbali na nyumba. Matumbawe yalichomwa juu ya lundo la magogo yakawa chokaa, na chokaa ile ikamwagiwa maji na kuachwa ikae kabla ya kutumiwa. Boriti zilipangwa karibu karibu, kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake yakalazwa mawe bapa, kisha kokoto zilizochanganywa na chokaa, na unene wake waweza kufika futi moja. Hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Watu walijipanga safu wakaipigilia kwa vipande vya mti, huku wakiimba, siku baada ya siku, maana chokaa isiyopigiliwa hukauka ikiwa na matundu na nyufa. Mwisho ilisawazishwa kwa mteremko mdogo wa kuelekea kwenye mlizamu, ili maji yasituame.

Haifai kuisifu kazi na kuwasahau walioifanya. Katika Unguja ya karne ya 19 mikono mingi iliyopigilia sakafu ilikuwa ya watumwa. Nyimbo zao ziliwaweka pamoja katika mapigo. Hazitoshi kuwa ushahidi kwamba waimbaji waliridhika. Tukiulizana kwa nini sakafu ya chokaa iliweza kufanywa kwa wingi na kutengenezwa kila ilipoharibika, sehemu ya jibu ni kwamba mwenye nyumba hakuilipia gharama yake yote. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, kila siku ya kupigilia ilikuwa ya ujira, na hesabu ya mwenye nyumba haikuweza kubaki ileile.

Tena yatupasa kuitazama mvua. Seyyid Said alipoufanya mji wa Unguja makao yake, majumba yalijengwa kwa mtindo wa Omani, yenye paa bapa na kuta za ukingo juu yake. Lakini Muscat hupata mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka, na Unguja hupata zaidi ya 1,500. Katika Kuwait na Bahrain boriti zilezile za kwetu zilifunikwa kwa mikeka na udongo tu, na ikatosha. Alan Villiers, aliyesafiri na mabaharia wa Kuwait, aliwaona mwaka 1939 wakipakia boriti katika delta ya Rufiji ili wakaziuze Ghuba. Mti ulikuwa mmoja, lakini kifuniko kilifuata mbingu ya kila nchi. Paa la udongo lililomfaa mtu wa Kuwait lisingevuka masika moja ya Unguja.

Hapo ndipo mabati yalipopata nafasi. Bati la migongo lilibuniwa London na Henry Robinson Palmer, aliyepewa hataza mwaka 1829. Na kufikia mwisho wa karne ile mapaa mengi ya Unguja yalikuwa yameezekwa bati juu ya sakafu ya zamani. Bati ni jepesi, hupigwa kwa siku chache, na maji hayatui juu yake. Aibu yake ni mbili: chumvi ya bahari huila, na joto lake humshukia aliye chini. Kadhalika liliuondoa ule uwanja wa juu, ambao katika nyumba zilizobanana ulikuwa mahali pa wanawake kupunga upepo pasipo kuonekana.

Saruji ilipokuja ilionekana kuwa jibu la mwisho, kwa kuwa ni ngumu na haihitaji kupigiliwa. Lakini ugumu wake ndio ubaya wake. Boriti hupinda kidogo chini ya mzigo, na chokaa yaweza kuvumilia mwendo mdogo, saruji hupasuka. Maji huingia katika ufa, kisha hayapati njia ya kutoka, kwani saruji haipumui kama chokaa. Ncha za boriti zilizomo ukutani huoza pasipo kuonekana. Wengine huongeza tabaka juu ya tabaka kila nyumba inapovuja, na lami juu ya hayo, mpaka uzito ukazishinda boriti. Siku paa linapoanguka, ukuta hufuata. Baada ya mwaka 1964, majumba mengi ya Unguja yalipokaliwa na jamaa nyingi, kila moja na chumba chake, paa lilikuwa la wote na kwa hiyo halikuwa la mtu. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikauandika mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini kabla ya hapo nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuanguka.

Basi mwenye nyumba ya mawe anayetaka kifuniko cha kudumu ajibiwe nini? Ikiwa boriti zake ni nzima na anao uwezo wa kumwita mwashi kabla ya kila masika, chokaa ndiyo inayopatana na kuta zake. Asipokuwa na uwezo huo, bati lenye mteremko mzuri, lililowekwa bila kuibomoa sakafu iliyo chini, ni afadhali kuliko saruji, maana bati laweza kuondolewa na watakaokuja. Husemwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta; mwenye sakafu ya juu asipouziba huenda asibakiwe na ukuta wa kujenga juu yake. Historia ya mapaa haya yatuonyesha kwamba kudumu hakukutoka katika chokaa peke yake, bali katika mikono iliyorudi juu kila mwaka. Zamani mikono hiyo ilishurutishwa. Sasa yapasa kulipwa, na anayeipenda miji hii aianze hesabu yake hapo.